Ile Namba ya Mlango wa Kantini

Bango lenyewe lilibandikwa kwenye mlango wa kantini, upande wa ndani, ule wa kutokea. Sijui nani aliamua hivo maana mtu akiingia kantini anaangalia chakula na akitoka anaangalia saa. Picha ya dada mweupe kashika kichwa, nywele zimekaa vizuri kabisa utadhani katoka saluni ndo stresi zikamkuta njiani, chini yake maandishi: Una tatizo binafsi? Zungumza nasi. Bure. Siri. Halafu namba. Siku ya pili tu mtu kaandika pembeni kwa peni ya bluu MSHAHARA KWANZA, siku ya tatu mwingine akaongezea "na ovataimu ya mwezi wa nane". Hakuna aliyelibandua wala kuyafuta yale maandishi, likakaa hivohivo mpaka kona zikajikunja kwa mvuke wa wali.

Basi mi ndo niliyepiga ile namba. Mmoja wao.

Kampuni nabaki nayo moyoni, itoshe kusema ni ghala kubwa huku Pugu Road, au Barabara ya Nyerere kwa wale wa kusoma vibao. Mi niko dispachi, kazi yangu karatasi, delivari noti, namba za gari, dereva gani katoka na katoni ngapi na kwa nini karudi na pungufu. Tuko wafanyakazi kama 150, dispachi tuko tisa, wanaume saba na wanawake wawili. Shikilieni hiyo hesabu ya wanawake wawili.

Siku wanaizindua hiyo programu ya kusaidia wafanyakazi wenye matatizo binafsi ilikuwa mwishoni mwa 2022, tukasimamishwa uwanjani pale magari yanapopakilia, tukapewa soda, na soda ikitolewa katikati ya wiki ujue kuna maneno. HR, yule wa ofisi ya utumishi, akaanza na mficha maradhi kifo humuumbua. Akaja mgeni kutoka hiyo kampuni ya washauri wa nje, kijana mpole kavaa lanyadi shingoni, akaeleza vizuri tu, kwamba unapiga bure saa yoyote, unaongea na mtu, ukihitaji kuonana na mshauri uso kwa uso unapewa vikao sita, havilipiwi, ni kwako wewe na mwenzi wako na watoto. Ndoa, msiba, pombe, kesi, madeni, mtoto aliyeshindikana, chochote. Maswali? Kimya. Watu wanakunywa soda.

Nyuma kabisa akanyosha mkono mzee wetu wa folklifti. Huyu mzee haongei ovyo, yuko pale toka mageti hayajapakwa rangi. Akauliza kitu kimoja, "Hiyo siri, inalindwa na nani?"

Kabla mgeni hajafungua mdomo HR akarukia, "Na mimi hapa."

Jamani. Watu walicheka mpaka soda zikatokea puani. Mgeni wa watu kabaki anatabasamu bila kujua kinachochekwa.

Kinachochekwa ni hiki. Miaka mingi nyuma, HR alikuwa mwingine lakini ofisi ndo ileile, kuna kaka mmoja wa stoo pombe ilimshinda, na kwa akili yake nzuri kabisa akaona aende mwenyewe aseme kabla hajashikwa. Kaingia ofisini saa tatu asubuhi, mlango ukafungwa, kaongea, akalia, katoka. Saa saba mchana yuko kwenye foleni ya wali, mtu nyuma yake anamuuliza "vipi kaka, leo hujapitia kwanza?" na foleni nzima inajifanya kuangalia mboga. Hakufukuzwa, hapana, kwenye karatasi walimfanyia vizuri tu. Ila alikaa miezi minne akaacha kazi mwenyewe. Toka hapo pale kwetu neno "siri" likitamkwa na mtu mwenye kitambulisho cha ofisi ya juu, linachekwa.

Na kumbe hii habari yote ya kampuni kusaidia wafanyakazi na shida zao, duniani ilianzia kwenye pombe. Nilikuja kusoma baadaye, nilivyokuwa nataka kuelewa nilichokipiga ni kitu gani. Wamarekani wawili, mmoja Bill Wilson wa mambo ya hisa na mwingine daktari Bob Smith, wote walevi, walikutana mji wa Akron, Ohio, 1935, wakaanzisha kile chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, Alcoholics Anonymous. Ilivyofika miaka ya 1940 viwanda vikubwa kama DuPont na Eastman Kodak vikaona bora kuwasaidia mafundi wao walevi kupitia njia hiyo kuliko kuwafukuza, maana fundi mzuri kumpata ni kazi na kumfundisha mpya ni gharama, na kipindi cha vita ndo kabisa watu hawapatikani. Kwa hiyo tusidanganyane, haikuanza kwa huruma peke yake, ilianza kwa hesabu. Halafu 1970 seneta mmoja wa Iowa, Harold Hughes, dereva wa malori wa zamani na mlevi aliyeacha, akasukuma sheria ya Marekani kuhusu ulevi, na kuanzia hapo hizi programu zikasambaa na kupanuka, zikaacha kuwa za pombe tu zikawa za ndoa, za madeni, za kila kitu. Dereva wa malori! Mi nilivyosoma hapo nikawaza madereva wangu wote wa dispachi, nikasema hawa nao ukiwapa useneta sijui wangepitisha nini.

Kitu kilichonikaa zaidi ni maelekezo waliyokuja kupewa masupavaiza wa kule. Waliambiwa msimpime mtu pumzi, msimuulize nyumbani kwake kuna nini, nyie angalieni kazi. Kachelewa mara ngapi, Jumatatu ngapi hayupo, makosa yameongezeka lini. Ukiona kazi inashuka mwambie ukweli kuhusu kazi, halafu mwonyeshe mlango wa msaada, basi, kinachoendelea nyuma ya mlango hakikuhusu. Kwetu ni kinyume kabisa, supavaiza anataka kujua umelala na nani ila hajui umechelewa mara ngapi.

Sisi huku lakini hatuwezi kusema hatukuwahi kuwa na kitu kama hiki. Tulikuwa nacho, kilikuja kwa njia ya ukimwi. Mi nilianza kazi 2006, sio hapa, kiwanda kingine, na nakumbuka kabisa waelimishaji rika, wafanyakazi wenzetu tu waliopelekwa semina, wanasimama kwenye mapumziko na kile kiuume cha mbao wanaonyesha jinsi ya kuvaa kondomu, wamama wanajifunika kanga usoni ila jicho moja liko nje. Chooni kuna boksi la kondomu za Salama, linajazwa Jumatatu, Ijumaa halina kitu, na ukiuliza hakuna anayechukua. Sheria ya ukimwi ya 2008 ikaja kumtaka kila mwajiri awe na programu ya ukimwi kazini na ikakataza kutangaza hali ya mtu. Na dawa zilishaanza kutolewa bure na serikali toka 2004, kwa hiyo ukipima kulikuwa na pa kwenda. Hapo ndo ilipokuwa tofauti, sio semina.

Ila hata hapo watu walificha. Dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye meza moja alikuwa anahamisha dawa zake kutoka kwenye kopo anaziweka kwenye leso, kwa sababu lile kopo lina mlio, ukitembea linachakacha mkobani, na mlio ule wakati huo kila mtu anaujua. Mi nilijua miaka mitatu sikumwambia kama najua. Sijui mpaka leo kama nilifanya vizuri.

Haya, mimi sasa.

Mama yangu yuko Muheza. Mwanzoni mwa 2023 akaanguka bafuni, upande wa kushoto ukalegea, akapelekwa Bombo, Tanga mjini. Bima ya kampuni inachukua mume na watoto, wazazi hapana. Likizo yangu nilishaimaliza kwa harusi ya mdogo wangu. Na sheria ya ajira ya 2004 ilivyokuwa inasomeka wakati ule, siku 4 za kulipwa unapata mtoto wako akiumwa au akifariki, au ukifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu, ndugu. Someni tena taratibu. Mtoto akiumwa ipo. Mzazi mpaka afe. Nilienda kuomba ruhusa, supavaiza wangu, mtu mzuri tu kusema kweli, akanifungulia kile kijitabu akaniwekea kidole kwenye mstari, akanyamaza. Sikumlaumu, na yeye ana mama.

Nikawa naenda Ijumaa usiku narudi Jumapili usiku, nauli, dawa, mtu wa kumgeuza mama, pampasi za wakubwa ambazo kama hujawahi kununua hujui bei yake. Mshahara ukishakatwa nabaki na 480,000. Nikafanya kinachofanywa na kila mtu, nikashusha programu ya mkopo kwenye simu. Dakika tano hela imeingia, 80,000, sijaulizwa hata dhamana, nikasema asee Mungu yupo. Siku saba zikafika sina, nikakopa programu ya pili kulipa ya kwanza. Ya tatu kulipa ya pili. Kuna siku nilikuwa na programu tano kwenye simu moja, hata picha ya mtoto haiingii, simu inasema nafasi imejaa. Halafu nikaingia kausha damu, mama mmoja wa mtaani kwetu, 400,000 nairudisha 56,000 kila Ijumaa wiki kumi, na kadi yangu ya benki anakaa nayo yeye pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa yeye, ananiletea iliyobaki. Na risiti. Alikuwa mwaminifu yule mama, sina la kumsema zaidi ya hilo.

Ukiishusha hiyo programu ya mkopo inaomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yako, na wewe na shida zako unabonyeza kubali, kubali, kubali. Siku ya tisa ya kuchelewa kulipa, saa nne asubuhi, niko na dereva tunagombana habari ya katoni sita, simu yake ikalia meseji, akaisoma, akaniangalia, akairudisha mfukoni, akasaini bila ubishi. Nikashangaa huyu leo vipi. Baada ya dakika kumi nikajua. Meseji imeenda kwa madereva, kwa supavaiza, kwa mwalimu wa darasa wa mwanangu, kwa shemeji zangu, kwa fundi cherehani, kwa shehe wa msikitini kwetu ambaye namba yake niliichukua kwa ajili ya hitma ya baba. Jina langu kamili, kwamba ni tapeli nimekimbia na deni, mwambieni alipe. (Baadaye, Novemba 2024, Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Nilisoma ile orodha kama mtu anayesoma majina ya waliomla nyama.)

Kazini hakuna aliyeniambia kitu. Hicho ndo kibaya. Pale kwetu mtu akifiwa, saa hiyohiyo daftari linapita, buku mbili buku tano, Kosta inakodiwa mpaka Singida kuzika mama mkwe wa mtu ambaye hata hatumpendi. Mtu akijifungua kuna kitenge na sabuni. Harusi ndo usiseme, kadi ya mchango unapewa kabla hujasalimiwa. Lakini deni? Mume anayepiga? Mtu anayekunywa asubuhi? Daftari halipiti. Watu wanakupisha tu, wanakuwa na adabu ghafla. Yule dereva wa katoni sita alikuwa ananiita "dada" kwa sauti ya hospitali wiki nzima.

Mwenzangu wa dispachi, yule mwanamke wa pili, nimwite Mama Twaha ingawa sio jina lake, yeye siku ile aliinamia karatasi zake hakuinua kichwa mpaka saa ya kutoka. Niliumia. Nikasema huyu tunayekula naye kopo moja miaka mitano, hata pole?

Aliyekuja ni mzee wa folklifti. Alinikuta nyuma kwenye mapaleti mabovu, nimekaa na chakula sijakifungua. Hakuuliza. Akanipa 60,000 imekunjwa kwenye karatasi ya delivari, nikamwambia mzee hii sitaweza kurudisha karibuni, akasema sijakuuliza lini. Halafu akakaa kidogo, akasema, "Ile namba ya mlangoni, mi nilipiga." Nikamwangalia. Mzee huyu alizika kijana wake mkubwa mwaka uliopita, tulienda wote na Kosta, tulichanga, tukala pilau, tukarudi, na kesho yake kwa upande wetu ule msiba ulikuwa umekwisha. Akasema, "Miezi minne nilikuwa nakaa kwenye folklifti naona ile mashine inataka kwenda yenyewe. Nikapiga." Kuna mtu anajua? Akasema unajua wewe, sasa hivi.

Nikapiga kesho yake mchana, palepale kwenye mapaleti. Nilitegemea sauti ya kizungu au ya mashine, bonyeza moja. Akapokea kijana, akasema, "Karibu dada, kabla ya yote, hapo ulipo unaweza kuongea bila wasiwasi?"

Sijui kwa nini hilo swali lilinimaliza. Nililia dakika nzima na yeye kanyamaza tu, hakusema pole, hakusema usilie, nasikia tu feni ya upande wake inazunguka. Nilivyopata sauti swali langu la kwanza halikuwa mama wala deni, nikamuuliza HR ataona namba yangu? Akanieleza kitu ambacho kama kingesemwa siku ya soda labda tusingecheka: kampuni yenu inalipia vichwa, sio simu. Inalipa kiasi fulani kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, apige asipige, kwa hiyo hakuna ankara inayosema nani kapiga lini. Hata jina lako kamili sio lazima unipe leo, nipe la kukuitia. Nikampa jina la bibi yangu.

Mshauri niliyepangiwa alikuwa Kijitonyama, nyumba ya kawaida geti jeusi, hakuna kibao, nikapita mara mbili. Kibao kisingefaa. Mjini hapa ukionekana unatoka kwa mtu wa saikolojia habari itafika kwenu kwamba umepelekwa Milembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mume wangu mwenyewe nilimwambia naenda kliniki ya meno, akawa ananiuliza mbona meno hayaishi.

Mama wa makamo, kavaa dera, miwani iko kwenye nywele. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa popote." Nilijiandaa kuambiwa nipumue, maana kwenye simu wanakwambia hivo, vuta pumzi hesabu mpaka nne. Hakusema nipumue. Alinipa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akasema andika unaodaiwa nao wote. Nikamwambia nawajua kichwani, kama laki saba na kitu. Akasema andika. Hata wa mkaa.

Programu tano 583,000. Kausha damu imebaki 336,000. Kikoba 300,000. Shemeji 100,000. Mzee wa folklifti 60,000. Duka la Mangi 47,500. Nikajumlisha mara tatu, mi mtu wa delivari noti sikosei kujumlisha. 1,426,500. Mara mbili ya niliyokuwa nayo kichwani. Yule mama akaniangalia juu ya miwani akasema, "Sasa umelala na huyu mtu miezi sita bila kujua urefu wake," na mimi nikacheka, kicheko cha kwanza toka mama aanguke, nikaona aibu kucheka.

Vikao vinne kati ya sita vilikuwa hesabu. Viwili vilikuwa mama, na hivyo viwili siviandiki hapa.

Sehemu nataka mtu aielewe ni ile ya barua. SACCOS ya kazini ina mkopo wa dharura, ila lazima HR apitishe. Nikasema basi imekufa hiyo. Mshauri akasema hapana, hapa unachagua wewe yeye ajue nini. Bila saini yako mimi sina mdomo, na hata ukisaini, nasema hicho ulichosaini tu. Tukaandika mstari mmoja: mfanyakazi huyu yuko kwenye programu na anapendekezwa kupata mkopo wa dharura kwa sababu za kifamilia. Kwisha. Sio mama, sio programu tano, sio kadi iliyoko kwa mwanamke wa watu. Nilisoma ule mstari mara nyingi kuliko barua yoyote ya mapenzi niliyowahi kuandikiwa. Mi nilidhani siri ni kitu unacho au huna, sikujua inaweza kukatwa kipande ukampa mtu kinachomtosha.

HR alipitisha ndani ya siku tatu, hakuuliza, na hapa lazima niseme haki yake. 1,000,000, miezi 12, nakatwa 93,000 na kidogo. Nikalipa programu zote nikazifuta simuni moja moja, nikachukua kadi yangu kwa yule mama (akanipa na ndizi), nikalipa duka, ikabaki 33,500. Kikoba nikaongea na mwenyekiti nikapangiwa. Shemeji bado. Mzee nilimpelekea mwezi wa kumi, akazihesabu, akaweka mfukoni, akaendelea kupanga mapaleti.

Sasa msidhani naipigia debe. Yule aliyeandika MSHAHARA KWANZA hakukosea hata herufi moja. Hiyo ovataimu ya mwezi wa nane ililipwa mwezi wa kumi na moja, na katika hiyo miezi mitatu najua watu wawili walioingia kausha damu kwa sababu hiyohiyo, halafu mwajiri huyohuyo anawalipia mshauri wa kuwafundisha kupanga bajeti. Unamkanyaga mtu mguu halafu unampa dawa ya kuchua. Na vikao sita kwa mwanamke anayepigwa nyumbani ni nini? Kikao cha saba anaenda wapi? Nilimuuliza yule mama swali hilo, akasema anajua, akavua miwani.

Na siri nayo ina matundu hata ikilindwa na watu wazuri. Mwanzoni mwa 2024 tukaitwa mkutano wa robo mwaka, kantini, projekta ukutani. HR mwenye furaha kabisa anaonyesha kwamba programu inatumika, wale washauri wanatuma ripoti, haina majina jamani msiogope, idadi tu. Akabonyeza. Jedwali. Idara, jinsia, aina ya tatizo, idadi. Stoo, me, pombe, 3. Uzalishaji, ke, ndoa, 6. Macho yangu yanashuka na mikono imeshakuwa baridi.

Dispachi, ke, madeni, 2.

Pale pale kabla watu hawajapata muda wa kuhesabu vidole, mzee wa folklifti akainuka kutoka kiti cha mbele, akasimama katikati ya projekta na ukuta, jedwali lote likahamia kwenye shati lake, akaanza kuuliza habari ya gambuti. Kwamba gambuti za mwaka huu zinabana, kwamba saizi kumi ya siku hizi sio saizi kumi ya zamani, kwamba yeye miguu yake yote miwili anaijua. Mzee asiyeongea. Aliongea dakika tano nzima. HR anamwambia sawa mzee tumesikia, mzee anasema bado sijamaliza. Ilivyofika mwisho HR akabonyeza akaenda kwenye ukurasa wa usafi wa vyoo.

Sijawahi kumuuliza kama alikusudia.

Nilienda kwa HR wiki ile, mara ya kwanza naingia ofisi ile kwa miguu yangu bila kuitwa, nikamwambia hesabu zako hazina majina lakini dispachi ina wanawake wawili. Alikaa kimya, akabadilika rangi. Hakuwa na nia mbaya, hakuhesabu tu. Nikamwambia kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, mi sijui vifungu ila najua ipo. Ripoti iliyofuata ikaja ya kampuni nzima bila idara. Bango pia lilibadilishwa, sasa hivi kuna picha ya mmama kama sisi kakaa kwenye ndoo, na limebandikwa ndani ya milango ya vyoo, mahali ambapo mtu anaweza kuandika namba bila kuonekana. Hilo wazo sijui lilitoka kwa nani.

Lakini siku ile ya mkutano, jioni, nilitoka getini nikamkuta Mama Twaha ananisubiri kwenye mti. Hatukuongea mpaka kituoni. Dispachi, ke, mbili. Mmoja mimi. Kwa hiyo siku ile ya meseji, alivyoinamia zile karatasi, hakuwa ananikwepa. Alikuwa anasubiri simu yake na yeye ilie.

Akaanza yeye, bila kuniangalia. "Wewe ngapi?"

"Moja na laki nne."

"Mi mbili na laki."

"Mbili na laki moja? Mama Twaha!"

"Na bado sijaweka ya mkaa."

Gari la Gongo la Mboto likaja, konda anagonga bati, siti zipo, na kwa saa ile siti kuwepo ni muujiza. Tukaliacha lipite.